Maji, Njia na Viwanja: Historia ya Miji Iliyo Chini ya Milima ya Upare

Makazi ya kale yaliyo chini ya Milima ya Upare yalianzia pale mto unapoacha mlima na kugusa tambarare. Milima hiyo imesimama kati ya Kilimanjaro na Usambara, ikiwa imegawanyika sehemu mbili: kaskazini kuna Ugweno na Usangi, kusini kuna Chome, Suji, Mbaga, Mamba na Gonja. Kilele cha Shengena, upande wa kusini, kinapita mita 2,400. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki na kumwaga mvua huko, na upande wa magharibi hubaki na jua na vumbi. Ndiyo maana Mto Yongoma unashuka Ndungu ukiwa na maji, na Hingilili unashuka Gonja Maore ukiwa na maji, kisha yote huelekea Mto Mkomazi na hatimaye Pangani. Upande wa pili, mito mingi huishia mchangani kabla ya kufika popote. Mji wa Same, ambao ndio makao ya wilaya, upo huko kwenye ukavu. Kwa nini mji mkubwa ukakua mbali na maji, na ile midogo iliyokuwa kando ya mito ikadumaa, ni habari inayoanza kabla ya reli.

Kwa Mpare wa karne ya 19, tambarare ilikuwa mahali pa kulima na kuchungia kuliko mahali pa kulala. Malaria ilikuwa huko, na wavamizi wa ng'ombe walipita huko. Watu walijenga mlimani, ukoo kwa ukoo, kila mmoja na msitu wake mtakatifu wa mizimu. Ugweno ilijulikana mbali kwa chuma cha Washana, wahunzi ambao jembe na mkuki wao vilivuka mipaka ya Upare. Lakini kilichowafanya Wapare waweze kulima sehemu zenye mvua haba kilikuwa ni ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililochimbwa juu ya mashamba, likijazwa na mfereji unaotoka kwenye kijito. Jioni mlango wake huzibwa. Usiku kucha maji huingia taratibu, na asubuhi mlango huzibuliwa ili maji yatoke kwa kishindo. Hapo ndipo penye maarifa yote. Kijito chembamba, kikiachwa kitiririke chenyewe, hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kufika shamba la mwisho. Maji hayohayo yakikusanywa usiku mmoja na kuachiwa kwa mara moja, hufika. Wenye mashamba hupewa zamu. Kuchimba, kuzibua matope na kuziba nyufa hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu, na asiyetokea hulipa faini au hukosa zamu yake. Ndiva nyingi zilihesabiwa kuwa za ukoo wa aliyezichimba, na ukoo huo ulikuwa na kauli juu ya maji. Huo ulikuwa mpango miji wa kwanza wa Upare, ingawa haukuchorwa popote: nyumba, shamba na njia ya mguu vilifuata mfereji.

Misafara ya pwani ndiyo iliyoleta makazi ya namna nyingine. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Pangani na Tanga walikuwa wakipanda kuelekea Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu, na baadaye watumwa. Njia mojawapo ilipita bonde la Mkomazi, mashariki ya milima, kwa sababu huko msafara ulipata maji na chakula kila baada ya mwendo wa siku moja au mbili. Gonja na Kisiwani vikawa vituo vya kupumzikia na kubadilishana bidhaa. Mzigo wa nguo, shanga na bunduki ulipanda. Pembe, mifugo na watu walishuka. Kiswahili na Uislamu viliingia Upareni kwa njia hiyohiyo, na jina lenyewe la Kisiwani ni la Kiswahili kitupu. Baada ya Kimweri ye Nyumbai wa Usambara kufariki mwaka 1862, ugomvi wa warithi wake uliigeuza njia hiyo kuwa ya hatari. Semboja, aliyejiimarisha Mazinde penye njia ya misafara, alipata bunduki kwa biashara, na uvamizi wa kutafuta watumwa ukapenya hadi Upare ya Kusini. Vituo vya mtoni vilipata mali, navyo vikawa milango ya watu kutekwa.

Wageni wa Ulaya walifuata nyayo za misafara. Maporomoko ya Mto Hingilili, juu ya Gonja, yanabeba jina la Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyefuatana na Karl Klaus von der Decken kwenda Kilimanjaro mwaka 1861. Oscar Baumann alipita Upareni mwaka 1890 na kuandika juu ya nchi hiyo. Wajerumani walipoanza kutawala, waliweka vituo Mazinde na Kisiwani, palepale wafanyabiashara walipokuwa wamefungua njia. Wamisionari walipendelea juu, kwenye baridi. Wale wa Leipzig walianza Shigatini, Usangi, mwaka 1900, na Waadventista wa Sabato walifungua Giti mwaka 1903, kituo chao cha kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa muda mfupi, basi, Upare ilikuwa na vitovu viwili vya aina mbili: shule na kanisa mlimani, soko na askari chini upande wa mashariki.

Reli iliuvunja mpangilio huo. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukasuasua kwa ukosefu wa fedha, ukafika Mombo mwaka 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911. Baada ya Buiko njia ilishika upande wa magharibi, kati ya milima na Mto Pangani, ikipita Hedaru, Makanya na Same. Hakukuwa na mfereji wala soko kubwa la kale lililoivuta huko. Ilikuwa ikikimbilia Moshi, kwenye mashamba ya walowezi. Mzigo ambao zamani ulihitaji mamia ya wapagazi na vituo vya maji sasa ulipita nyuma ya mlima kwa siku moja. Biashara kubwa iliihama njia ya mashariki. Gonja na Kisiwani havikufa, maana mto haukuhama, lakini vilibaki vijiji vya wakulima vyenye kumbukumbu ya kuwa vituo. Stesheni za magharibi ndizo zilizoanza kuota maduka.

Same ilizaliwa hivyo, kwa stesheni. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalishuka kando ya reli yakiwafukuza Wajerumani, na baada ya vita Waingereza waliifanya Same makao ya Wilaya ya Pare. Mji mkavu ukapata boma, mahakama, posta na nyumba za maofisa. Watu wa mlimani waliokuwa na shauri walilazimika kushuka kwa miguu, wakalala kwa ndugu au chini ya mti, na kupanda tena.

Hakuna tukio linaloonyesha nafasi hiyo ya Same kama mgogoro wa mbiru. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya mkoloni, kupitia machifu tisa wa Upare, ilileta mbiru, yaani kodi ya kupimwa kwa mali ya mtu, badala ya kodi sawa kwa wote. Wapare walikataa. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupekuliwa na kukadiriwa, na walikataa kuamuliwa bila kuulizwa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka pande zote za milima na kupiga kambi Same, mbele ya macho ya boma. Kambi ilidumu kwa miezi, watu wakipokezana kama wanavyopokezana zamu ya maji, wengine wakirudi kulima na wengine wakishuka. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walijitokeza kumkabili ofisa wa serikali, wakidai waume zao. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika kitabu juu ya mgogoro huo, na ni vigumu kuielewa siasa ya Upare bila kuujua. Kwa historia ya mji, ulikuwa na maana ya ziada: kwa mara ya kwanza Wapare wote, wa Ugweno na wa Gonja, walikutana mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa Same.

Uhuru uliwashusha watu kwa wingi zaidi. Mlimani mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yakabaki vipande, malaria ilikuwa na dawa, na barabara ilikuwa chini. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliongeza msukumo. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare iligawanywa sehemu mbili, Mwanga kaskazini na Same kusini, na Mwanga nayo ikapata mji wake huko chini, kando ya barabara kuu. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Same watu 269,807. Ya mwaka 2022 ilivuka 300,000.

Watu walipokuwa wakijazana chini, ardhi ya chini ilikuwa ikipungua. Mwaka 1951 eneo kubwa la nyika mashariki ya milima, hadi mpaka wa Kenya, lilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Mkomazi. Baadhi ya familia za wafugaji zilizokuwa ndani ziliruhusiwa kubaki. Mwaka 1988 ruhusa hiyo ilikwisha, na wafugaji, Wamasai na Wapare pamoja, waliondolewa na mifugo yao. Walipeleka shauri mahakamani, likafika Mahakama ya Rufani, lakini haki ya kurudi hawakuipata. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa yenye zaidi ya kilometa za mraba 3,200, maarufu kwa faru weusi na mbwa mwitu. Uhifadhi huo una faida ambazo hakuna haja ya kuzibeza. Lakini Kisiwani, iliyokuwa kituo cha misafara kwa sababu ya kuwa njiani kati ya mlima na nyika, ilijikuta imebanwa: mlima nyuma yake, mpaka wa hifadhi mbele yake, na mifugo iliyoondolewa ikigombea malisho na mashamba ya mtoni.

Mabadiliko makubwa zaidi ya kando ya mto yalitokea Ndungu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, bonde linalonyweshwa na Mto Yongoma lilijengwa upya kuwa skimu ya umwagiliaji ya hekta 680. Kabla ya hapo kulikuwa na mifereji ya kienyeji iliyopinda kufuata ardhi, mahindi, mpunga kidogo, na mipaka ya mashamba iliyojulikana kwa mti au jiwe. Mafundi walileta banio la zege, mifereji iliyonyooka, na majaruba yaliyosawazishwa kwa mashine, yenye ukubwa mmoja. Mavuno ya mpunga yalipanda, na Ndungu ikawa jina la mchele sokoni.

Faida hiyo ilikuja na gharama yake. Jaruba la kisasa linadai trekta, mbegu, mbolea na ada ya maji kwa tarehe maalumu. Mkulima asiye na fedha taslimu mwanzoni mwa msimu hulazimika kukodisha jaruba lake kwa mwenye nazo, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara au mtumishi anayeishi mjini, kisha yeye mwenyewe hufanya kibarua shambani mwake. Kwenye karatasi ardhi bado ni yake. Kwenye ghala mchele si wake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna tingatinga lililobomoa nyumba yake, na bado amesogezwa pembeni. Namna hii ya kuondolewa ni ngumu kuiona kuliko ile ya Mkomazi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuiacha iendelee.

Upande wa magharibi hadithi ni ya maji yasiyofika. Wakulima wa Makanya, chini ya Vudee na Bangalala, kwa miaka mingi walitegemea mafuriko. Mvua ikinyesha mlimani, mto ulishuka kwa ghafla, nao waliuelekeza mashambani kwa matuta ya mchanga na matawi. Kila palipolimwa zaidi huko juu na katikati, na kila ndiva iliposakafiwa kwa saruji ili isivuje, maji machache zaidi yalishuka. Ndiva ya Manoo pale Bangalala ni mfano wa bwawa la kale lililoimarishwa hivyo. Kwa wa Bangalala hayo ni maendeleo ya kweli. Kwa wa Makanya ni mafuriko yaliyopungua. Makanya imegeukia jasi, inayochimbwa huko na kupakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji, na vijana wengi waliokuwa warithi wa mashamba wakawa vibarua wa machimbo.

Reli iliyoijenga Same nayo ilinyamaza. Treni za abiria kwenye njia ya kaskazini zilikoma katika miaka ya 1990, na mizigo ikafuata. Mji ulikuwa tayari umeigeukia barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Moshi na Arusha. Mabasi, hoteli za abiria, vituo vya mafuta na gulio viliuvuta mji kutoka stesheni kwenda lami, kwa hiyo mtaa wa kale wa maduka ukabaki nyuma ya mgongo wa mji mpya. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, lakini kitovu cha mji hakikurudi nayo.

Kilichoizuia Same isipanuke zaidi kilikuwa maji. Vijito vya mlimani vilivyolisha mabomba yake havikutosha, na wakazi walizoea kununua maji kwa ndoo. Mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe ulibuniwa ili kuvuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa kwenye Mto Pangani miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme. Ujenzi wake ulikwama kwa miaka na makandarasi wakabadilishwa, hadi ulipozinduliwa Machi 2025. Kwa mama aliyekuwa akiamka alfajiri na madumu manne, hiyo ni neema isiyo na mjadala. Kwa ardhi, ni mwanzo wa sura mpya. Kiwanja kisicho na maji ni vumbi. Kikipata bomba na hati, kinakuwa bidhaa ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuinunua kwa simu. Shamba la kijiji lililo ukingoni mwa mji likiingizwa kwenye mpango miji na kupimwa, mwenye nalo hutakiwa kulipia upimaji, hati na kodi ya ardhi. Akishindwa, huuza nusu ili kuiokoa nusu, na wakati mwingine huuza yote.

Linganisha na Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Huko, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na baada ya mafuriko mengine mengi serikali ilipata mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia ili kulijenga upya bonde hilo, ikiwamo daraja jipya la Jangwani. Maelfu ya nyumba zilifanyiwa tathmini, wenyewe wakalipwa fidia na kuhama. Malalamiko yalikuwepo, lakini kulikuwa na daftari, majina na hesabu ambayo mtu angeweza kuidai. Msimbazi watu walihamishwa kwa sababu maji yamezidi. Upareni husogezwa kwa sababu maji yamefika, na katika hali hiyo hakuna daftari, kwa kuwa kila muuzaji anahesabiwa kuwa ameuza kwa hiari.

Sasa zamu imerudi upande wa mashariki. Barabara ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi, ile njia ya misafara ya karne ya 19, inajengwa kwa lami kipande baada ya kipande. Ikikamilika, Gonja Maore, Ndungu na Kihurio vitakuwa karibu na soko la mjini kuliko wakati wowote tangu reli ilipopita nyuma ya mlima, na watalii wa Mkomazi watapita mlangoni mwa Kisiwani. Ardhi ya kando ya mito hiyo itatafutwa.

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kupima ardhi yake na kutoa hati za hakimiliki za kimila. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua haki za maji za kimila na jumuiya za watumiaji maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayosajili. Lakini ndiva isiyoandikwa popote haina wa kuitetea mbele ya ofisa mwenye ramani. Viongozi wa vijiji vya Kisiwani, Maore na Ndungu wana kazi ya kufanya kabla lami haijafika: kila mfereji, kila ndiva na kila shamba la mtoni liingizwe kwenye daftari la kijiji kwa jina la wanaolitumia leo.